Mjumbe na Redio ya Nyumba Kumi

Sijapata kuona mtu aliyeogopa mambo mengi kama Mjumbe wetu. Aliogopa moto wa jikoni, nyoka wa kwenye kuni, mvua ya mapema, mvua ya kuchelewa, lori linalorudi nyuma, na zaidi ya yote mtu anayesema "hakuna shida". Ukimwambia hakuna shida, alisimama pale pale akaanza kuitafuta, na mara nyingi aliipata.

Jina lake nalijua, lakini hatukulitumia. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, basi akawa Mjumbe, kwa watoto na kwa wazee, na hata kwa mkewe alipotaka kumchokoza. Mimi nilikuwa mgeni. Nilitoka Iramba nikiwa nimeolewa na mwalimu wa shule ya msingi, tukapangiwa nyumba iliyopakana na yake katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Ilongero. Watu walikuwa wamehama kutoka matembe yao yaliyotawanyika porini wakaja kujipanga kwenye mistari, nyumba ikitazama nyumba, na wengi hawakuzoea kuona moshi wa jirani kila asubuhi. Mjumbe yeye aliuzoea haraka mno. Moshi wangu ukichelewa kuonekana, nilisikia hodi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hamjaamka, au mnaumwa?"

"Tumeamka, Baba. Kuni zilikuwa mbichi."

"Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi, si kidogo," alisema, akachungulia jikoni, akaondoka bila kuridhika.

Mwanzoni alinikera. Nilimwambia mume wangu kwamba jirani yetu ana umbea wa kiume. Mwalimu akacheka, akaniambia ningoje niumwe ndipo nitamjua. Kweli, msimu wa malaria nililala na homa, na Mjumbe alikuja mlangoni asubuhi na jioni, haingii, anauliza tu kama nimekula, kisha anakwenda kumsumbua mganga wa zahanati kana kwamba mgonjwa ni mama yake mzazi. Tangu hapo sikusema tena habari za umbea.

Alikuwa na neno lake: "Tusiseme bado." Mtama ukisimama vizuri shambani, watu wakianza kusifu, yeye anasema tusiseme bado. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, wanawake walinipongeza kisimani mpaka nikaona haya, Mjumbe akapita, akaangalia chini, akasema tusiseme bado, akaniagiza niache kubeba debe kichwani. Kwenye mikutano ya kijiji, viongozi kutoka wilayani wakituambia mwakani tutakuwa na bomba la maji, sisi tulipiga makofi. Mjumbe naye alipiga, maana alikuwa mtu wa serikali kwa kadiri yake, lakini alipiga makofi madogo madogo, huku akitazama mbingu.

Na huyu huyu ndiye tuliyemkabidhi redio.

Redio ile tulipewa na chama cha ushirika kwa ajili ya vipindi vya kisomo cha watu wazima. Ilikuwa redio ndogo ya mkono, yenye mfuko wa ngozi wa matundu matundu mbele na mkanda wa kuvaa begani, iliyokula betri nne kubwa za aina ile ile ya tochi. Kwa kijiji kizima ilikuwa moja. Mjumbe aliipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa watu, na kuanzia siku hiyo wasiwasi wake ukapata kazi ya kudumu. Aliitundika ukutani mbali na moshi, mbali na jua, mbali na watoto, mbali na kuku. Aliifungua kwa vidole viwili. Kipindi cha kisomo kikiisha, vijana wakisubiri muziki, Mjumbe anaizima, kwa sababu muziki unakula betri. Vijana walimchukia kwa hilo, tena hadharani. Kitu kimoja tu ambacho hakukizima kabla ya wakati ni matangazo ya vifo ya jioni. Hapo alituacha tusikilize mpaka mwisho, kofia zikiwa zimevuliwa, hata kama wafu wote walikuwa watu wa pwani tusiowajua.

Betri zilikuwa shida. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi leo, kesho halina, na betri zilikuja kwa bahati. Kwa hiyo watu walikuwa na ufundi wao. Betri ikichoka, unaipandisha juu ya paa bapa la tembe pamoja na mtama, inaota jua mchana kutwa, na jioni inaimba tena kidogo. Wengine waliigongagonga kwa jiwe. Wengine, na hawa ndio waliomtoa Mjumbe jasho, waliitoboa kwa msumari, wakaidondoshea maji ya chumvi, wakaziba tundu kwa nta. Betri ya namna hiyo inafufuka kweli, inapiga kelele siku mbili tatu. Kisha inatapika, na ikitapika ndani ya redio inakula chuma chote.

Mjumbe aliliona hilo kwa fundi mmoja mjini Singida, aliyemwonyesha redio iliyokufa hivyo, tumbo limejaa unga mweupe na kutu. Alirudi amenyong'onyea. Akaitisha mkutano wa nyumba kumi kwa ajili ya jambo hilo peke yake, akatuamuru, akiwa amesimama: hakuna betri ya jua, hakuna betri ya msumari, hakuna kuchanganya kuukuu na mpya. Atakayeleta betri ya kufufuliwa kwenye redio ya watu atajibu mbele ya kijiji.

"Na ukiileta wewe?" mkewe aliuliza kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mama Mjumbe hakuogopa chochote. Sijui Mungu alipanga vipi kuwaweka wale wawili chumba kimoja. Alikuwa mnene, mcheshi, anayeua nyoka kwa mchi na kuendelea kutwanga. Mumewe akianza kuhesabu mabaya yanayoweza kutokea, yeye anaongezea mengine ya uongo mpaka mzee anyamaze. "Na mbuzi naye anaweza kujifunza kufungua mlango," alimwambia mara moja, na nikamwona Mjumbe akiutazama mlango.

Mwaka ule wa pili wa kijiji Mama Mjumbe akapata uvimbe tumboni. Kwanza tulidhani ni mimba ya uzeeni na tukamtania. Hospitali ya mjini wakasema apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe. Alipanda lori mpaka Manyoni, na kutoka hapo treni, akisindikizwa na kaka yake aliyewahi kufanya kazi bandarini na kuujua ule mji. Mjumbe alibaki. Ilikuwa miezi ile ambayo kila kaya ilitakiwa iwe imemaliza kuezeka kabla ya mvua, na mjumbe kuondoka wakati huo lisingeeleweka vizuri kwa wakubwa. Watoto nao walikuwa wadogo. Ndugu walikaa wakaamua hivyo, na yeye akakubali. Nadhani hakujisamehe. Lori lilipoondoka, alilifuata kwa miguu mpaka kwenye korongo, na mkewe juu ya magunia anamwambia arudi, uji unaungua.

Kuanzia hapo redio ikawa jambo jingine. Kaka mtu hakujua kuandika, na hata angejua, habari za haraka za wakati ule zilikuja kwa redio: mgonjwa akifa hospitalini kule, ndugu wanapeleka tangazo, na wa nyumbani wanasikia pamoja na nchi nzima. Mjumbe alilijua hilo. Kila jioni alikaa kwenye kigoda, redio magotini, na sisi tulikuja kukaa naye kwa sababu isingekuwa vizuri asikilize peke yake. Mtangazaji alisoma majina. Kila jina lilipoanza, niliona vidole vya mzee vikikaza kwenye mkanda, na jina likimalizika bila kuwa la mkewe vikalegea, mpaka jina jingine. Matangazo yakiisha alisema, "Haya," akaizima. Tukachukua vigoda vyetu, tukaenda.

Wiki zikapita hivyo. Sauti ya redio ikaanza kufifia. Duka halikuwa na betri, na dereva aliyeahidi kuleta kutoka Shelui alipita bila kusimama. Jioni moja tulisogeza masikio mpaka tukagusana vichwa. Jioni iliyofuata, redio ikapaza sauti vizuri, na sote tukafurahi, hakuna aliyeuliza imekuwaje.

Siku ya tatu, jua likiwa limeanza kuinama, nilisikia hodi isiyo ya kawaida yake. Nilitoka. Mjumbe alikuwa ameshika redio kwa kitambaa, mfuko umefunguliwa nyuma.

"Mama, njoo uone. Mikono yangu haitulii."

Nikachungulia. Betri mbili zilikuwa zimepasuka tumbo na kutoa ute wa kahawia. Kwenye vyuma kulikuwa na unga mweupe ulioganda, na springi moja ilikuwa ya kijani mpaka kwenye mzizi. Kwenye betri moja niliona nta imeziba kitundu.

"Nani amefanya hivi?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Nimefanya mwenyewe," alisema. "Nilisema siku mbili tu, nitazitoa kabla. Jana nikasahau kuzitoa. Hapana, sikusahau. Niliogopa kuzitoa, isije ikanyamaza." Akaangalia jua. "Matangazo hayako mbali."

Ningeweza kumcheka. Mtu aliyetuitia mkutano. Lakini nami nilihesabu kama yeye: ikiwa tangazo ni la leo, na sisi hatukusikia, mwanamke yule atazikwa, na sisi huku tunatwanga.

Tuliketi kwenye mkeka kivulini. Yeye akaniambia alivyomwona fundi akifanya, mimi nikafanya. Nilizitoa betri kwa kitambaa, nikazitupa shimoni. Nikaupangusa ule unga ukiwa mkavu, kwa unyoya wa kuku, redio imeinamishwa ili usiingie ndani zaidi. "Usiupulize," alisema, "utakuingia machoni." Kisha akauliza kama nina magadi. Nani asiye na magadi Singida? Bila magadi mlenda hauliki. Nikayakoroga na maji kidogo, nikazungushia kipande cha khanga kwenye kijiti, nikachovya, nikakamua, nikagusa chuma. Kilitoa vipovu vidogo na kunuka vibaya.

"Kidogo, mama. Maji yasishuke chini."

"Ndiyo, Baba."

"Kidogo zaidi."

Nilifuta kwa kitambaa cha maji safi, kisha kwa kikavu. Watu walianza kufika na vigoda vyao kwa ajili ya matangazo, wakaona, wakakaa mbali kidogo kama watu waliokuta mgonjwa anafungwa kidonda. Mtu mmoja akashauri tuianike juani ikauke upesi. Nilichukua jani la msasa nikasugua vyuma mpaka vikaanza kung'aa, kimoja baada ya kingine, na nilipofika kwenye ile springi ya kijani ikakatika mkononi mwangu.

Mjumbe aliitazama ile springi kiganjani mwangu, akasema maneno kwa Kinyaturu, ambayo mimi Mnyiramba niliyaelewa nusu tu. Alikuwa anamwomba mkewe asife leo. Asubiri.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tukaikunja mara nyingi mpaka ikawa nene, tukaishindilia pale springi ilipokuwa. Betri tulipata za tochi: mbili za Mwalimu na mbili za mganga wa zahanati, ambaye alizitoa akijua anaweza kuitwa kwa mzazi gizani. Mjumbe akazipanga mwenyewe. Akawasha. Kimya. Akaibonyeza ile karatasi kwa kidole gumba.

Redio ikaongea, katikati ya sentensi: "...aliyekuwa akitibiwa hapa Dar es Salaam. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote walioko Singida."

Halafu likaja tangazo la mtu wa Tanga.

Nimeishi miaka mingi, nimefiwa na watu wangu, lakini kimya kile sijakisikia tena. Jina lilikuwa limepita. Lilisomwa wakati karatasi ya sigara ilikuwa haijagusa chuma. Mama mmoja wa nyumba ya tatu akaweka mikono kichwani na kuanza kulia, na Mjumbe, ambaye hakuwahi kumkaripia mwanamke wa mtu, alimgeukia.

"Nyamaza. Usimlilie mtu ambaye labda sasa hivi anakunywa uji."

Aliizima ili kulinda betri za watu, kwa kuwa matangazo yale yangerudiwa asubuhi. Watoto wake nikawachukua mimi, wakala kwangu. Yeye hakula, na nasikia hakulala. Mimi pia sikulala vizuri. Nilijikuta nahesabu watu wa Singida niliowajua walioko hospitali za mbali, natafuta mwingine wa kufa badala yake.

Asubuhi tulikuwa uwanjani kwake kabla ya ng'ombe kutoka. Alibonyeza ile karatasi kwa kidole gumba tangu mwanzo mpaka mwisho, jasho likimtoka kwenye baridi ya kipupwe. Tangazo lilikuja. Lilikuwa la mzee mmoja wa Ilongero penyewe, mwanamume, jina na ukoo na jina la kijiji chake. Hatukumjua.

Mwanamke yule yule aliyelia jana akapiga kigelegele.

"Kuna mtu amekufa," Mjumbe alisema, na kigelegele kikakatika. Akaizima redio, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulala. Akatoka amevaa koti lake la mikutano, akamwomba Mwalimu amsindikize Ilongero.

Walitembea mpaka kwa wafiwa. Mume wangu alinisimulia kwamba njiani alimuuliza wanakwenda kwa nani, maana hawakuwa na undugu wala ujirani na msiba ule. Mjumbe akajibu: "Nilifurahi, Mwalimu. Limetajwa jina la baba wa watu, nami moyo wangu ukaruka kwa furaha. Siwezi kukaa nyumbani baada ya hapo." Kwenye msiba waliketi na wanaume. Wafiwa wakawauliza kwa adabu wao ni nani kwa marehemu, na Mjumbe akasema tu kwamba alisikia tangazo. Mwalimu alirudi jioni kwa ajili ya shule. Mjumbe alikaa kule mpaka matanga yakaisha, akachota maji na kupasua kuni pamoja na wakwe wa marehemu, na wale watu wa Ilongero wakawa ndugu zake mpaka leo. Nadhani hawajui kwa nini alikuja.

Aliporudi alijishtaki mwenyewe mbele ya nyumba kumi kwa kosa la betri ya msumari. Tukampa adhabu ya kusafisha kisima, tukaenda wote kumsaidia.

Mama Mjumbe alirudi bila tangazo lolote. Alishuka kwenye lori mchana mmoja, amekonda, nguo zinamning'inia, kaka yake amebeba kikapu. Mjumbe alikuwa kwenye mkeka, redio iko wazi, anakagua vyuma kama kutu imerudi, kama alivyofanya kila siku tangu siku ile. Alimwona.

"Hata karibu huniambii?" mkewe alisema. "Nimekwenda mbali kote huko, narudi nakukuta unacheza na redio."

Yeye akafunika uso kwa kile kitambaa chenye magadi. Mimi nilikimbilia jikoni kwangu, nikalia huko, kwa raha.

Ungedhani baada ya hapo wasiwasi ungempungua. Uliongezeka. Mkewe akikohoa, anauliza. Akienda kisimani na kuchelewa, anamfuata kwa mbali, akijifanya anatafuta mbuzi. Mama Mjumbe aliniambia siku moja tukichambua mboga: "Huyu bwana kinachomtisha si kifo changu. Anaogopa nife yeye hayupo, aje aambiwe na watu." Alisema hivyo akicheka, kisha akaacha kucheka, tukaendelea na mboga.

Mume wangu akahamishwa, tukaishi Kiomboi, kisha mjini. Miaka mingi ikapita bila kuonana nao zaidi ya salamu za njiani. Siku moja sokoni mtu akanitajia, kwa kupitia tu, kwamba Mama Mjumbe alifariki, mwezi umeshapita, na kwamba mzee sasa anakaa kwa mwanawe, mtaa wa Mandewa. Niliacha nilichokuwa nanunua. Nilikwenda nikiwa na hofu ya kitu nitakachokikuta. Mtu aliyetetemeka vile kwa tangazo la mtu wa Ilongero, angekuwaje sasa? Nilijiandaa kukuta mtu aliyeharibika akili.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha kamba, mzee kabisa, anachambua choroko kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa imetulia. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na lilinishangaza kuliko machozi.

"Shikamoo, Baba. Pole sana. Sikupata habari."

"Marahaba, mama. Karibu. Ungeipataje, hatukutangaza."

Nikakaa. Nikauliza kama Mama aliumwa sana.

"Hakuumwa sana. Alikuwa amelala ubavu huu, na mimi nimekaa hapa, kama wewe ulivyo. Ananisema, eti chai yangu haina sukari. Nimemshika mkono. Akanyamaza katikati ya maneno, nikasubiri amalizie." Alitoa jiwe dogo kwenye choroko, akaliweka pembeni. "Watoto walikuwa chumba cha pili, wanasikiliza redio. Hawakujua. Nikakaa naye kwanza, sisi wawili, mpaka nikatosheka."

Akanitazama, na usoni mwake hakukuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Hakuna aliyekuja kuniambia, mama. Mimi ndiye niliyetoka nikawaambia watu."